UZI: Mota ni ile ile, beringi ni ile ile. Sisi wa chai, mbao, maji, hospitali na minarani tupime pamoja

FundiWaMajani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Mimi ni fundi umeme wa kiwanda cha chai Nyanda za Juu Kusini, huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Hili ninaloleta limenikaa rohoni tangu mwaka jana mwezi wa sita, na naomba mafundi wa fani zote mlisome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Asubuhi moja fundi wa mradi wa maji wa jirani alinipigia simu. Mega yake (kifaa cha kupima ukinzani wa insulesheni, yaani ganda linalozuia umeme wa waya kuvuja) imekufa, ana mota ya pampu ya kilowati 55 ambayo breka yake inajikata, na watu wanangoja maji. Nikamwazima yangu. Jioni akairudisha akiwa na furaha: mota imesoma megaomu 16, ni nzima, ameirudisha kazini. Siku hiyo hiyo mimi nilikuwa nimepima mota ya feni ya kikaushio ikasoma megaomu 8, nikaiandika iende kusukwa upya.

Wiki ya tatu mota yake ya 16 ikaungua. Yangu ya 8 haikwenda kusukwa kwa sababu fundi wa kusuka alikuwa na foleni, na mpaka leo ninapoandika inazunguka.

Nilikosa usingizi kwa jambo hilo. Nilirudi kwenye daftari langu na nikamwomba yeye lake. Kwenye daftari lake pameandikwa tarehe na 16. Kwenye langu pameandikwa tarehe na 8. Hakuna aliyeandika joto. Pampu yake ilipimwa asubuhi, imelala usiku kucha kwenye baridi, waya zikiwa kwenye nyuzi 20 hivi. Feni yangu niliipima nusu saa baada ya kuizima, waya zikiwa kwenye nyuzi 50. Wengi wetu tulifundishwa kwamba insulesheni inapoteza takriban nusu ya ukinzani wake kila joto linapopanda nyuzi 10, halafu tukaisahau shuleni. Kiwango cha IEEE 43 kinataka kipimo kirudishwe kwenye nyuzi 40 ndipo kilinganishwe, na kwa mota za volti za chini kinadai megaomu 5 kwenda juu. Basi pigeni hesabu nami. Kutoka nyuzi 20 hadi 40 unagawa kwa mbili mara mbili: 16 inakuwa 4, mota imeshafeli. Kutoka 50 hadi 40 unazidisha kwa mbili: 8 inakuwa 16, mota ina afya. Namba kubwa ilikuwa ya mgonjwa.

Tangu siku hiyo nimetembelea majirani. Kinu cha mbao kina kipima mtetemo kizuri sana, kimefungiwa kabatini, kinatoka mara mbili kwa mwaka. Hospitali ina kamera ya joto iliyokuja na mradi. Kampuni inayohudumia majenereta ya minara ya simu wanapeleka mafuta ya injini maabara. Mimi nina mega. Wote tuna mota za nguzo nne zinazozunguka karibu mizunguko 1,450 hadi 1,480 kwa dakika, beringi za familia moja za 62 na 63, kompresa za skrubu, jenereta za dizeli. Mashine zinazotusumbua ni zile zile, na kila mmoja anahangaika nazo chumbani kwake.

Wazo langu ni kwamba tuazimane vifaa, ndiyo, lakini kabla ya kifaa tukubaliane namna ya kupima na namna ya kuandika. Mega yangu ilivuka barabara ikaenda kwa jirani na bado mota iliungua, kwa sababu kilichovuka kilikuwa kifaa peke yake.

Nakaribisha michango, na anayepinga apinge kwa uwazi.

MtuWaPampu

Fundi wa pampu anayetajwa hapo juu ni mimi. Aliyoyasema ni kweli yote, na naomba niongeze ambalo hakulijua.

Kituo chetu kiko bondeni. Kuanzia Mei mpaka Agosti ukungu unashuka saa kumi usiku na hauondoki mpaka saa nne. Mota ile ilikaa siku mbili bila kuzunguka, ikavuta unyevu. Mimi niliipima mara moja tu, sekunde kama 10, nikaona 16 nikatoa nyaya. Kama ningeshikilia dakika moja, kisha nikaendelea hadi dakika 10, ningeona sindano inapanda au imekaa palepale. Insulesheni kavu inapanda. Iliyolowa inabaki pale pale. Ukigawa kipimo cha dakika ya 10 kwa cha dakika ya kwanza, unataka upate 2 au zaidi kwa mota za kisasa. Hilo nimelijua baada ya hasara.

Siku hizi mota ikikaa inawekewa balbu ndani ya kibanda chake usiku ili isipate umande. Na watu wa eneo lile walikaa siku sita bila maji ya bomba. Akina mama walikuwa wananipita njiani na ndoo kichwani, wananisalimia vizuri tu, na kila salamu ilinichoma. Naunga mkono wazo hili kwa mikono miwili.

MsimamiziZamu

Mkuu FundiWaMajani, wazo lako ni zuri ila naona ukuta mbele. Meneja wangu hawezi kukubali kifaa kitoke getini, na zaidi hawezi kukubali takwimu za mashine zetu zisomwe na kiwanda kingine. Atasema unatoa siri za kampuni. Pili, kifaa kikiharibikia kwa jirani nani analipa?

FundiWaMajani

Mkuu MsimamiziZamu, hayo mawili ni ya haki kabisa na nilikutana nayo yote kwetu.

La siri, nilikwenda kwa meneja na karatasi moja nikamwonyesha tunachotaka kuandika: nguvu ya mota, kasi, namba ya beringi, saa ilizofanya kazi, kipimo, joto, mzigo uliokuwepo, jina la aliyepima. Nikamuuliza ni lipi hapo linalomwambia mshindani tumekausha kilo ngapi za chai. Akakaa kimya, kisha akasema tusiandike jina la kiwanda, tuandike herufi. Tukakubaliana hivyo. Wenzetu wa mafuta ya baharini wanafanya hivi tangu 1981: kampuni zinazochimba Bahari ya Kaskazini, ambazo ni washindani wa kweli, zilianza kuweka pamoja kumbukumbu za kuharibika kwa pampu, kompresa na vali zao katika mradi unaoitwa OREDA. Kutokana na kazi ile kilizaliwa kiwango cha ISO 14224 cha namna ya kuandika kumbukumbu za matengenezo. Kama wao wanaweza, sisi tunaficha nini kuhusu beringi ya 6313?

La kifaa kuharibika, tumeandikiana hati ya ukurasa mmoja yenye saini za mameneja. Anayeazima analipa. Na kifaa kinakwenda na mwenyewe, yaani mega yangu ikienda kwa jirani mimi au msaidizi wangu tunakwenda nayo. Sharti hilo liligeuka kuwa zuri kuliko tulivyodhani, maana tukifika kule tunajifunza mashine zao.

MzeeWaKarakana

Vijana, hamjambo. Mimi nimestaafu, nimefanya kazi karakana ya injini za treni kwa miaka 31. Nimefurahi kuona jambo hili linasemwa.

Nataka kuwakumbusha kwamba vipimo vingi mnavyoviona vya kisasa vilizaliwa kwa jirani. Kupima mafuta ya injini maabara ili kujua chuma gani kinaliwa ndani kulianzia kwenye reli. Reli ya Denver & Rio Grande Western huko Marekani ilianza kuchoma sampuli za mafuta ya treni za dizeli na kusoma madini yake miaka ya 1940. Miaka ya 1950 jeshi la wanamaji la nchi hiyo likaichukua njia ile ile kwa injini za ndege. Na jedwali la kwanza lililojulikana sana la kusema mtetemo huu ni salama, huu ni hatari, lilitolewa 1939 na T. C. Rathbone, na huyo alikuwa mtu wa kampuni ya bima! Bima wanaingia kila kiwanda, wanaona turbini za kila namna, ndiyo maana aliweza kulinganisha. Aliyekaa kwenye kiwanda kimoja tu asingeweza kuchora jedwali lile.

Sisi karakana tulikuwa na kawaida moja. Sampuli ya mafuta inachukuliwa injini ikiwa bado ya moto, mahali pale pale kila mara, na kwenye chupa tunaandika mafuta yana saa ngapi tangu yabadilishwe. Kijana mmoja akachukua sampuli kutoka chini ya sampu (bakuli la mafuta chini ya injini), injini imepoa, majibu yakaja ya kutisha. Tulifungua injini nzima bure.

JeneretaMnarani

Shikamoo mzee MzeeWaKarakana. Umenigusa penyewe.

Mimi nahudumia majenereta ya minara. Tatizo letu kubwa ni vumbi na mzigo mdogo. Mnara hauvuti umeme mwingi, jenereta inazunguka usiku kucha haijachoka, dizeli haiungui yote, inashukia kwenye mafuta. Maabara wakituambia uzito wa mafuta umeshuka tunajua dizeli imeingia. Silika ikipanda pamoja na chuma, vumbi limepita kwenye chujio la hewa. Sodiamu na potasiamu zikipanda, maji ya rejeta yanavuja ndani.

Sasa nilivyosoma uzi huu nikawapigia watu wa kinu cha mbao, kwa sababu wana jenereta ya familia ile ile na yangu. Yao silika iko juu kuliko ya minara yangu yote. Nikaenda kuangalia. Mlango wa kuingizia hewa umeelekea kwenye msumeno! Hakuna aliyeliona kwa sababu kila siku wanapita hapo. Wakajenga kizuizi cha bati na kugeuza bomba la hewa. Sampuli ya pili inasubiriwa, nitaileta hapa.

Na wao walinisaidia pia. Walikuja na kipima mtetemo mnarani, tukakuta mipira inayobeba jenereta imekufa upande mmoja. Mimi nilikuwa nabadilisha mabano ya bomba la moshi kila baada ya miezi miwili nikidhani mabano ni feki.

VifaaTiba

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni fundi wa vifaa tiba hospitalini, na naunga mkono, lakini nina maonyo mawili ambayo naomba yasichukuliwe kama kujitenga.

La kwanza ni oksijeni. Mtambo wetu wa oksijeni unaanza na kompresa ya skrubu kama ya kwenu, na upande huo mnakaribishwa na vifaa vyenu. Ila baada ya matangi ya kuchujia nitrojeni, ile ni oksijeni iliyokolea zaidi ya asilimia 90. Hapo grisi au mafuta kidogo tu kwenye ncha ya kifaa, kwenye kidole, kwenye spana, yanaweza kuwaka yenyewe. Fundi wa kinu cha mbao aliyezoea kupaka grisi nyuzi za boliti, akifanya hivyo kwenye bomba langu ataua watu. Kwa hiyo kwangu kifaa kinachovuka mstari ule ni cha kwangu tu, hakiazimwi wala hakiazimi.

La pili, vifaa vinavyogusa mgonjwa vina vipimo vyake vya umeme unaovuja. Hapo tunahesabu kwa maikroampea, na mega yenu ya volti 500 haiingii. Msiniombe kupima mashine ya mgonjwa kwa mega, na nikikataa msinune.

Nje ya hayo mawili nina mengi ya kushiriki: jenereta, pampu za maji, boila ya kufulia, feni, kompresa za friji za chanjo. Kamera ya joto iko tayari kutoka. Ninachoomba mkija nayo mwandike umbali mliosimama na kitu mlichopiga, kwa sababu kamera ikipiga shaba inayong'aa inasoma joto la ukuta uliopo mbele yake. Tulibadilisha breka nzima iliyokuwa na afya kwa sababu hiyo. Sasa tunabandika kipande cha utepe mweusi wa umeme mahali pa kupima, mota ikiwa imezimwa na kufungwa kufuli, kisha tunawasha na kupima hapo hapo kila mara.

FundiWaMajani

Dada VifaaTiba, asante sana. La oksijeni sikulijua. Nimelichapisha na kulibandika karakana, na nimewasomea vijana wangu kwa sauti.

Wakuu, sasa naleta kilichotokea mwezi huu, maana ndicho kiini cha uzi wote.

Tulikutana wanne Jumamosi kwenye karakana yetu, kila mtu na kifaa chake. Tukatengeneza vitu viwili vya kupimia vifaa vyenyewe. Cha kwanza ni rezista 10 za megaomu 1 tulizozichomelea kwa mstari ndani ya bomba la plastiki. Tuliweka kumi badala ya moja kubwa ili volti 500 zigawanyike, kila moja ipate 50 tu, maana rezista ndogo za dukani hazivumilii volti nyingi. Kila mega ikipimwa hapo lazima iseme 10. Cha pili ni mota ndogo ya kilowati 1.5, tumeifunga kwenye bamba zito la chuma, na kwenye puli yake tumefunga boliti moja upande mmoja ili itetemeke kwa makusudi. Tumeizungushia wavu, kwa sababu boliti ikichomoka ni risasi. Tukachora duara jekundu kwenye nyumba ya beringi: kipimo kinachukuliwa hapo, mlalo, si kwingine. Tunaiita mota ya rula.

Mega nne zikapimwa. Moja ikasema 9.9, nyingine 10.0, ya tatu 10.1. Ya nne ikasema 13.

Ya nne ni yangu. Ile ile niliyomwazima MtuWaPampu.

Sijui ilianza lini kudanganya. Kama siku ile ilikuwa tayari inaongeza kiasi hicho, basi 16 yake ilikuwa 12 na kidogo, na kwenye nyuzi 40 inashuka hadi 3. Nilimwomba radhi mbele ya wenzetu. Kifaa kimekwenda maabara ya ugezi (ya kuhakiki vifaa vya kupimia) ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, Dar, na mpaka kirudi na cheti hakigusi mota ya mtu.

Miaka 11 nimepima kwa kifaa bila kukiuliza kama kinasema kweli, kwa sababu nilikuwa sina cha kukilinganisha nacho. Kingebaki kabatini kwangu peke yake, ningeendelea kuandika namba zake mpaka ninastaafu.

MtuWaPampu

Kaka, hukuwa na deni la radhi kwangu. Hata ingesoma sahihi kabisa, mimi ningeandika 12 na kuirudisha mota kazini, kwa maana sikujua hesabu ya joto. Tuliangushwa na vyote viwili kwa pamoja.

Upande wa mtetemo niwaeleze wengine mlio nje. Mota ya rula ilipimwa na watu wanne kwa kifaa kimoja, kile cha kinu cha mbao. Watatu walipata kati ya 3.0 na 3.2 milimita kwa sekunde. Wa nne akaja na 7.4. Wote tukageuka kumwangalia. Alikuwa ameweka sumaku kwenye kava ya bati ya feni, pale nyuma, kwa sababu ni mahali rahisi kufikika na ndipo walipomfundisha. Bati linatetemeka lenyewe kama ngoma. Sasa fikirieni: kwa mota za kilowati 15 hadi 300 zilizofungwa kwenye msingi mgumu, kiwango cha mtetemo cha ISO 10816-3 kilisema ukivuka 2.8 panga matengenezo, ukivuka 4.5 simamisha. Kijana yule alikuwa anasimamisha mota nzima, na kwingine labda anaacha mbovu.

FitaWaKericho

Salamu kutoka Kericho, mafundi. Mimi pia ni wa chai, hivyo FundiWaMajani ni ndugu yangu wa kazi ingawa hatujawahi kuonana.

Nina swali ambalo limenisumbua karibu miaka miwili. Tulifunga VFD (kifaa cha umeme kinachobadilisha kasi ya mota) kwenye feni za kunyaushia majani ili tupunguze umeme. Umeme ulipungua kweli. Lakini beringi za mota hizo zilianza kulia baada ya miezi sita, saba. Mbeleni zilikuwa zinaenda miaka. Tulilaumu grisi, tukabadilisha. Tukalaumu duka la beringi, tukanunua kwa wakala mwenyewe na kuhakikisha alama zake. Bado. Nikikata beringi, njia ya gololi ina mistari midogo iliyopangana sawasawa kama ubao wa kufulia nguo. Kuna mwenye kuona hii nje ya chai?

FundiWaMajani

Ndugu yangu wa Kericho, usiondoke. Kinu cha mbao hapa wamefunga VFD kwenye feni za chumba cha kukaushia mbao, na fundi wao alinionyesha beringi yenye mistari hiyo hiyo wiki iliyopita. Sikuelewa nilichokuwa naangalia.

MtuWaPampu

Na mimi ninayo moja. Pampu ya pili, ile yenye VFD. Nimeiweka kama uzito wa karatasi mezani.

MzeeWaKarakana

Mistari ya ubao wa kufulia ni umeme unaopita ndani ya beringi. Kwenye treni tuliiona kwa mota za kuvuta pale waya wa kurudisha umeme ulipokatika, umeme ukatafuta njia yake kupitia gololi. VFD inafanya jambo linalofanana kwa njia yake: inakatakata umeme kwa kasi kubwa sana, shafti inajaa volti kidogo, volti zikizidi nguvu ya utando wa grisi zinaruka kama radi ndogo. Kila radi inachoma kishimo. Maelfu ya vishimo yanapangana kuwa mistari.

Dawa zinajulikana. Brashi au pete ya kutuliza shafti inayoelekeza umeme ardhini, beringi yenye insulesheni upande wa nyuma wa mota, na kebo yenye ngao iliyofungwa vizuri pande zote mbili. Kwa mota kubwa huwekwa zaidi ya moja kwa pamoja. Lakini pimeni kwanza volti za shafti kabla ya kununua, na mpime kwa osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini), kwa sababu malti mita ya kawaida haiwezi kufuata kasi ile.

VifaaTiba

Osiloskopu ninayo. Iko hospitalini, natumia kwa mashine za kufuatilia moyo na haitoki kila siku, ila nipeni Jumamosi moja.

Na kwa jina la Mungu, mtu asipige mega kwenye mota yenye VFD bila kuchomoa nyaya zake kutoka kwenye VFD. Nimeona moja ilikufa hivyo. Volti 500 zilirudi ndani na kuua vipande vyote vya nguvu. Mwenye mega alikuwa fundi mzuri, amezoea mota zinazoanza kwa kontakta, na hakuna aliyemwambia. Na mkimaliza kupima, tulizeni waya ardhini muda wa kutosha, mara nne ya muda mliopima. Mota kubwa inatunza chaji, inampiga mtu.

JeneretaMnarani

Dada amesema kweli. Hilo liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la pamoja, juu kabisa.

MsimamiziZamu

Nimesoma yote. Nilikuja hapa kupinga na nimebadilika kwa sababu ya ile 13. Kwetu tuna mega mbili, hakuna hata moja niliyowahi kuijaribu kwa rezista. Naomba vipimo vya lile bomba la rezista. Na kuhusu meneja wangu, nitaanza na lile la herufi badala ya jina.

FundiWaMajani

Mkuu, bomba lolote la plastiki la umeme la nusu inchi linatosha, rezista zenye kosa la asilimia 1, vituo viwili vya skrubu ya shaba pande zote, na ndani mwage silikoni kavu isiingize unyevu. Kabla ya kupima mega, pima bomba lenyewe kwa malti mita nzuri uone kama ni 10. Usiliguse kwa mikono yenye jasho wakati wa kupima, mkono wako nao ni rezista.

FundiWaMajani

Wakuu, narudi baada ya Jumamosi mbili. Dada VifaaTiba alikuja na osiloskopu kinu cha mbao. Kwa brashi ya kaboni tuliyoitoa kwenye jenereta kuukuu na kuifunga kwenye fimbo ya plastiki, tuligusa shafti ya feni huku VFD inafanya kazi. Mawimbi yalikuwa yanapanda, yanafika juu, yanaanguka ghafla, tena na tena. Kuanguka kule ndiko kuruka kwa umeme kupitia grisi. Tukazima VFD, tukaendesha mota moja kwa moja kwenye umeme wa kawaida, skrini ikatulia.

Kisha tukaenda kituo cha pampu, mota ya VFD ya MtuWaPampu, kwa kipima mtetemo kile kile, duara jekundu, mlalo. Ilisoma 2.6, bado chini ya 2.8, mtu angeipita. Lakini fundi wa mbao alifungua mchoro wa masafa, unaoonyesha mtetemo unajirudia mara ngapi kwa sekunde. Beringi ile ina gololi 8, mota inazunguka mara 24.7 kwa sekunde. Kwa makadirio ya haraka unazidisha gololi mara 0.4 mara kasi, unapata karibu 79, na kwenye mchoro palikuwa na mnara uliosimama kwenye 76, mwingine mara mbili yake, mwingine mara tatu. Njia ya nje ya beringi inaliwa. Tukapanga kuibadilisha usiku wa Jumatano wakati matangi yamejaa, na ilibadilishwa kwa saa tatu. Hakuna bomba lililokauka.

Tumeikata. Mistari ipo, nusu duara, upande wa mzigo.

FitaWaKericho, nimekutumia picha tano zenye rula pembeni. Naomba zako zipigwe hivyo hivyo, kwa mwanga wa pembeni ili mistari ionekane, na uniandikie VFD yako inakatakata umeme kwa kilohezi ngapi na kebo yako ina urefu gani hadi kwenye mota. Ya mbao ina mita 60, ya pampu mita 18, na ya mbao ndiyo inayokula beringi haraka. Nataka kujua yako iko wapi kati ya hizo mbili.

FitaWaKericho

Picha zimefika. Kebo yangu ni mita 45. Kilohezi nitasoma kesho zamu ya asubuhi ikianza, nitaandika hapa hapa pamoja na joto la siku hiyo.